Boti iliyosimamishwa na doria ya uongo: uchambuzi wa kisa kimoja cha uharamia Ziwa Tanganyika

Majina ya watu, ya boti, ya mwalo ilipopakia na ya bandari ilikokuwa ikienda yameondolewa, pamoja na mwezi na mwaka. Saa, umbali na vipimo vya mafuta vimebaki, kwa sababu bila hivyo kisa hiki hakifundishi kitu.

Mazingira

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na upana wa wastani wa kilomita 50. Nchi nne zimeligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mzigo unaofika Kigoma kwa reli au kwa lori ukitaka kuvuka, meli za chuma ni chache na ratiba zake haziaminiki, kwa hiyo sehemu kubwa ya biashara ndogo na ya kati inabebwa na boti za mbao. Boti hizi ndizo meli za kimataifa za ziwa hili, ingawa nyingi ukiziona mwaloni utadhani ni za uvuvi.

Boti ya kisa hiki ilikuwa na urefu wa mita 18, ya wazi, bila sitaha wala kibanda. Ilisukumwa na mashine moja ya nguvu farasi 40, na chini ya turubai ililazwa mashine ya akiba ya 15. Ilibeba magunia 120 ya chumvi ya Uvinza ya kilo 50, sawa na tani 6, na katoni za sabuni juu yake. Ikiwa imeshiba hivyo, ukingo wake ulikuwa sentimita 60 hivi juu ya maji. Mtu mzima aliyesimama kwenye boti nyingine anavuka ukingo huo kwa hatua moja.

Watu walikuwa 9: nahodha, fundi mashine, mabaharia 3, karani wa mizigo na wafanyabiashara 3, mmoja wao mama wa makamo. Safari ilikuwa ya kilomita kama 120 kuelekea bandari moja ya Kongo. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ni saa 10 za kusafiri.

Wezi wa ziwa hili wanatafuta kwanza mashine. Dagaa wanaoza, chumvi ni nzito na bei yake ni ndogo, lakini mashine ya 40 ina mnunuzi kila mwalo katika nchi zote nne. Uzito wake ni kilo sabini na kitu, inabanwa na skrubu mbili kwenye ubao wa nyuma, na wanaume wawili wenye nguvu wanaing'oa ndani ya dakika 5. Fedha taslimu ndiyo shabaha ya pili, nayo inahitaji taarifa: nani anazo, na zimekaa wapi.

Siku ya kupakia

Upakiaji ulianza saa 5 asubuhi ukaisha saa 11 jioni. Makuli walikuwa 14, na zaidi ya nusu walikuwa vibarua wa siku ile ile ambao karani hakuwajua. Alasiri mmoja wa wafanyabiashara alibadilisha shilingi kuwa dola palepale mwaloni, akazihesabu katika kibanda cha karani mlango ukiwa wazi. Yule mama alimshauri afunge mlango, akajibu, "Mama, hapa wote tunajuana."

Saa ya kuondoka ilitangazwa tangu asubuhi ili abiria wasichelewe: saa 3 usiku. Iliandikwa pia kwa chaki kwenye ubao wa karani, pamoja na jina la bandari. Mchana ule abiria walipiga simu upande wa pili kuwaambia wenyeji wao watafika saa ngapi. Hakuna aliyefanya kosa lolote kwa desturi za pale. Ndivyo kila boti inavyoondoka.

Walikuwa na sababu tatu za kusafiri usiku. Ulikuwa msimu wa kiangazi, ambapo upepo wa kusini huamka asubuhi na kufikia mchana mawimbi yanaingia ndani ya boti iliyoshiba. Soko la upande wa pili linafunguliwa asubuhi. Ya tatu ni mazoea, na hayo pengine yalikuwa na nguvu kuliko hizo mbili.

Usiku wenyewe

Boti iling'oa nanga saa 3 na dakika 10. Nahodha alishika mwelekeo mmoja wa dira bila kubadilisha. Ilipokaribia saa 5 mitandao ya simu ilikuwa imekatika yote, na muda mfupi baadaye alizima taa ili boti isionekane. Hakukuwa na mwezi.

Saa 6 na dakika 50 baharia wa nyuma alisikia mlio wa mashine usio wao. Akageuka na kuona boti nyembamba bila taa, mita kama 150 nyuma. Ikawasha tochi kali na mtu mmoja akapaza sauti: "Zima mashine! Doria hapa! Kwa nini mnatembea bila taa?"

Nahodha akapunguza moto, kisha akazima. Boti ile ikaja ubavuni. Walikuwa watu 5, wawili wamevaa makoti ya kijani yanayofanana na sare, bunduki 2, waliobaki na mapanga. Aliyeingia wa kwanza hakuuliza karatasi. Alimwendea moja kwa moja yule mwenye dola.

Shughuli nzima ilichukua dakika 25. Walichukua fedha, simu zote walizoziona, mashine ya 40, madumu yote ya mafuta yaliyokuwa wazi, pamoja na chupa za oili. Baharia mmoja aliyevuta begi lake chini ya miguu alikatwa panga mkononi. Katoni nane za sabuni zilipakiwa kwenye boti yao, na saa 7 na robo wakaondoka kuelekea magharibi.

Hawakuchukua mashine ya 15 kwa sababu hawakujua ipo. Ililala chini ya turubai na juu yake magunia 6. Chini ya magunia hayo hayo kulikuwa na dumu moja la lita 20 la petroli iliyokwisha changanywa na oili, kati ya madumu 9 waliyoondoka nayo.

Maamuzi manne, na kwa nini yalifanyika

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimama. Nahodha alieleza baadaye kwamba alisimama kwa sababu alikuwa na kosa: alikuwa anatembea bila taa, na doria ya kweli ingekuwa na haki ya kumhoji. Sauti ilimkamata penye hatia yake. Aliongeza kwamba kukimbia kusingefaa, na hesabu inamuunga mkono. Boti nyembamba yenye mashine ya 40 na watu 5 inafika kilomita 35 kwa saa. Tofauti ya mwendo ni kilomita 23 kwa saa, yaani mita 6 na kidogo kila sekunde. Mita 150 zinaisha kwa sekunde 25.

Wa pili ulikuwa kutopambana. Nahodha aliwaambia watu wote wakae chini katikati, mikono ionekane, na akasema anayeongea ni yeye peke yake. Wanane walitii. Wa tisa ndiye aliyekatwa.

Wa tatu ulikuja baada ya majambazi kuondoka, na ndio ulioleta ubishi mrefu. Wafanyabiashara wawili walitaka waendelee na safari, wakisema mzigo bado upo. Fundi alipiga hesabu kwa sauti. Boti ilikuwa imetembea saa 3 na dakika 40 kwa kilomita 12 kwa saa, yaani kilomita 44, kwa hiyo zilibaki 76. Mashine ya 15 na mzigo ule isingezidi kilomita 6 kwa saa, na ingekunywa lita 5 hivi kila saa. Lita 20 ni saa 4, na saa 4 ni kilomita 24. Nchi kavu ya karibu, upande wowote, haikuwa chini ya kilomita 25, na upepo ungeamka asubuhi.

Mashariki, chini kabisa mwa upeo, zilionekana taa za vipe, yaani vyombo vya wavuvi wa dagaa. Nahodha alikadiria kilomita 8, akaamua kuzifuata. Pendekezo la kutupa magunia majini alilikataa: ziwa lilikuwa tulivu, na kupunguza hata tani 2 kusingeongeza mwendo wa maana kwa mashine ndogo namna ile. Tunakubaliana naye, ila laiti upepo ungekuwa umeshaanza jibu lingekuwa jingine.

Wa nne ulihusu namna ya kuwakaribia wavuvi. Mashine ya 15 iliwaka saa 8 kamili baada ya kamba kuvutwa mara nyingi, na saa 9 na dakika 10 walikuwa mita 500 kutoka taa za kwanza. Taa zikazimwa, zote, moja baada ya nyingine. Wavuvi walisikia mashine inakuja gizani bila taa na wakafanya ambacho wamejifunza kufanya. Nahodha akazima mashine, akawaambia mabaharia wamulike tochi moja iliyobaki kwenye nyuso zao wenyewe, si kwa wavuvi, akaita kwa sauti jina la mwalo wake na jina la mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo na uvuvi) wa pale. Ilichukua dakika 10 mpaka mtu wa upande ule akajibu: "Huyo mwenyekiti mke wake anauza nini?" Nahodha alijua. Taa moja ikawashwa.

Matokeo

Kipe kimoja kiliacha kuvua na kuikokota boti kuelekea pwani ya Tanzania. Mtandao wa simu ulipatikana saa 12 na dakika 10 asubuhi. Taarifa ya kwanza kwa Polisi Wanamaji ilitolewa muda huo, saa 5 na dakika 20 baada ya tukio. Majeruhi alifika hospitali saa 3 asubuhi. Kitambaa kilichokazwa juu ya jeraha na mkono kuinuliwa kwa usiku mzima vilizuia damu, lakini vidole viwili havikurudi kukunja vizuri.

Fedha hazikupatikana. Kibarua mmoja wa upakiaji alihojiwa na kuachiwa kwa kukosa ushahidi. Mzigo wa chumvi ulivushwa wiki mbili baadaye na boti nyingine.

Mashine ilionekana miezi minne baadaye, na hapa kuna jambo la kujifunza. Fundi wa upande wa pili aliletewa mashine ya 40 aitengeneze. Kibati cha namba kilikuwa kimeng'olewa. Alipofungua kofia ya mashine akakuta namba nyingine imegongwa kwa msumari wa chuma kwenye sehemu isiyoonekana bila kufungua, akaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la mafundi wa mashine wa ziwa zima. Mwenye boti alikuwa ameiandika namba ile kwenye daftari siku aliyonunua, ikiwa na tarehe na risiti. Kurudishwa kwake kulipitia barua za polisi wa nchi mbili, na gharama za safari na usafirishaji zilikula karibu theluthi moja ya thamani ya mashine. Ilirudi.

Kisheria, lilikuwa kosa gani?

Wengi mwaloni waliliita uharamia, na sisi tumelitumia neno hilo kwenye kichwa cha habari kwa sababu ndilo linaloeleweka. Kisheria mambo ni tofauti, na tofauti hiyo ina uzito wa kivitendo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 101, unataka uharamia uwe umefanyika katika bahari kuu au mahali pasipo chini ya mamlaka ya nchi yoyote. Uharamia wa namna hiyo unaipa nchi yoyote haki ya kumkamata mhusika. Ndiyo maana manowari za mataifa mbalimbali ziliweza kukusanyika Ghuba ya Aden kuanzia mwaka 2008. Ziwa Tanganyika halina bahari kuu. Kila tone lake ni la nchi moja kati ya zile nne, kwa hiyo tukio kama hili ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kwa Tanzania adhabu yake chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu si chini ya miaka 30 jela.

Matokeo yake ni kwamba swali la kwanza la mpelelezi ni hili: mlikuwa upande gani wa mpaka? Nahodha hakuwa na jipiesi (GPS), kifaa cha kuonyesha mahali ulipo. Ramani ilikuwa ndani ya simu, na simu imeibwa. Kilichomsaidia ni daftari la mazoezi la karani lililokuwa limeandikwa saa ya kuondoka na mwelekeo wa dira. Kwa hivyo viwili na mwendo wa boti, mahali pa tukio palikadiriwa kwa ukosefu wa usahihi wa kilomita 3 au 4. Karibu na mpaka, kilomita 3 zinaweza kuamua faili linafunguliwa nchi gani.

La pili ni kufukuza. Hata kama boti ya doria ingekuwa jirani, haiwezi kuvuka mpaka wa katikati ya ziwa kumfuata mhalifu bila ridhaa ya jirani. Somalia ilikuwa na tatizo hilo hilo: maharamia walirudi ndani ya maji ya nchi yao na manowari zikasimama nje. Azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa namba 1816 la Juni 2008 liliruhusu kuingia humo kwa ridhaa ya serikali ya mpito. Kadhalika Kanuni za Maadili za Djibouti za Januari 2009, makubaliano ya nchi kupambana na uharamia, ambazo Tanzania ni mmoja wa washiriki na zilizoweka kituo kimoja cha kupashana habari Dar es Salaam, zinahusu magharibi mwa Bahari ya Hindi. Nahodha wa Kigoma akipiga simu kule atasikilizwa kwa adabu tu.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Tukianza na hesabu ya muda, majambazi walikuwa na kilomita 25 hadi 30 za kufika pwani. Kwa kilomita 35 kwa saa ni dakika 50. Mashine ya 15 ilipokuwa inawaka, wao huenda walishagusa mchanga. Taarifa iliwafikia polisi muda wa saa 4 baada ya hapo. Ukiweka boti ya doria yenye kasi mara mbili ya ile iliyopo, bado haifiki. Kwa tukio la katikati ya ziwa usiku, kufukuza hakumo katika orodha ya tiba, na fedha zinazoombwa kila mwaka kwa ajili ya boti zenye kasi zingenunua usalama zaidi kama nusu yake ingewekwa kwenye mialo.

Sababu ni kwamba shambulio hili lilipangwa nchi kavu. Mtu yeyote aliyekuwa na saa ya kuondoka, jina la bandari na uzoefu wa mwendo wa boti iliyoshiba alikuwa na kila kitu: chora mstari ulionyooka, zidisha 12 kwa saa 3 na nusu, ukasubiri. Mkengeuko mmoja tu wa nyuzi 15 kwa saa mbili za kwanza ungeitoa boti kilomita 6 nje ya mstari huo, na usiku bila mwezi kilomita 6 ni nchi nyingine. Kuzima taa hakukuficha chochote kwa watu waliokwisha jua pa kukaa. Kulifanya mawili mabaya: kuliwapa majambazi kisingizio cha doria, na kuliwatisha wavuvi waliokuwa msaada pekee.

Mwongozo uliotumiwa na meli kubwa kwenye pwani ya Somalia ulijengwa juu ya mambo ambayo boti ya mbao haina. Meli inayokwenda noti 18 na zaidi, yaani kilomita 33 kwa saa, ilikuwa salama kwa kiasi kikubwa. Hii ilikuwa na noti 6 na nusu. Meli yenye ubavu wa zaidi ya mita 8 juu ya maji ilikuwa na nafasi kubwa ya kuponyoka. Hii ilikuwa na sentimita 60. Chumba cha kujifungia mabaharia hakiwezekani kwenye chombo cha wazi. Seng'enge ya wembe ukiizungushia boti ya abiria, itawakata abiria siku boti inapopinduka. Kuhusu walinzi wenye bunduki, pendekezo linalorudi kila baada ya tukio, mtu akumbuke kwamba boti hii iliondoka na lita 180 za petroli ndani ya madumu ya plastiki.

Kinachobaki kwenye mwongozo ule, na kinachohamishika, ni uangalizi na taarifa. Baharia wa nyuma hakuwa zamuni. Alisikia kwa bahati. Mchana, boti inayokuja huonekana kilomita 3, na kwa tofauti ile ile ya mwendo hizo ni dakika kama 8. Dakika 8 hazitoshi kukimbia, lakini zinatosha kuficha simu moja ndani ya gunia, kulaza madumu mawili chini ya mzigo, kuandika saa na mwelekeo, na kukalisha watu.

Doria ya uongo ni fumbo ambalo hatuna jibu safi kwake. Nahodha akigoma kusimama mbele ya doria ya kweli anaweza kupigwa risasi. Tunachoona kinafaa ni kupunguza mwendo badala ya kuzima kabisa, kumulika ubavu wa boti inayokuja kutafuta namba na rangi, kuuliza kwa heshima jina la kiongozi wa doria na kituo alichotoka, na kuomba ukaguzi ufanyike karibu na taa za wavuvi. Afande wa kweli atakasirika kidogo. Jambazi ataanza kutukana au ataharakisha, na hapo angalau unajua, na watu wako wanakaa chini mapema.

Oili ilikuwa bahati tu. Mashine hizi za mizunguko miwili haziendi kwa petroli tupu, na chupa zote za oili ziliibwa. Dumu lililofichwa lilikuwa limechanganywa kwa sababu fundi alichanganya moja mapema kurahisisha kazi. Kama lingekuwa petroli tupu, kisa hiki kingeandikwa tofauti, au kisingeandikwa.

Jambo moja baya lilifanyika baada ya kurudi. Waathirika walisema majambazi walitamka "batu" badala ya "watu", na kabla ya jioni vibarua wawili Wakongo walipigwa mwaloni. Matamshi hayo yanasikika kutoka Kalemie hadi sokoni Ujiji, na mkoa wenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu hauwezi kufanya lafudhi kuwa ushahidi. Isitoshe, mazungumzo kwenye makundi ya simu yalitaja jina la mtuhumiwa kabla polisi hawajachukua maelezo, na kila shahidi aliyefuata alilirudia jina hilo kama kasuku. Maelezo yale yalikosa thamani.

Mabadiliko yaliyofuata

Mwalo ule haukubadilika wote. Manahodha watano walikubaliana mambo machache na wanayashika, si kila siku.

Saa ya kuondoka haitangazwi. Abiria wanaambiwa wafike saa 11 jioni na boti inaondoka kati ya hapo na alfajiri. Nahodha anaandika saa, mwelekeo wa kwanza na wa pili kwenye karatasi anayomkabidhi mtu mmoja nchi kavu, naye ana maagizo ya kupiga simu iwapo boti haijaripoti saa 2 baada ya muda wake. Vibarua wa upakiaji wanaandikishwa na BMU. Biashara nyingi zimehamia mali kauli (mali hutolewa kwa ahadi ya kulipa baadaye) na wakala wa upande wa pili, kwa hiyo dola hazivuki.

Kusafiri kwa msafara wa boti tatu kulijaribiwa kukafeli mara ya kwanza. Boti ya haraka ilichoka kungoja, ikatangulia, na ya nyuma ikapotea gizani. Sasa iliyo polepole ndiyo inaongoza, na kila nusu saa tochi inamulikwa mara mbili nyuma, isiyojibu inasubiriwa. Gharama ni saa 2 zaidi za safari, na wafanyabiashara wanalalamika.

Kwa wavuvi wa vipe kuna ishara iliyokubaliwa ya boti yenye shida, inayobadilishwa kila giza jipya (kipindi cha usiku usio na mwezi) linapoanza. Ishara yenyewe haiandikwi hapa.

Namba ya mashine inagongwa sehemu tatu: kwenye kibano, chini ya kofia, na mahali pa tatu anapojua mwenye mali peke yake. Mnyororo wenye kufuli unapitishwa kwenye skrubu za kubania. Hauzuii wizi, ila ung'oaji wa dakika 5 unakuwa wa dakika 20. Mashine ya 15 inawashwa kila Jumamosi. Mara ya kwanza walipofanya hivyo, mwezi mmoja baada ya tukio, haikuwaka kabisa: petroli iliyochanganywa ilikuwa imekaa ndani na kuacha utando kwenye kabureta. Dumu la akiba sasa linamwagwa kwenye mashine kubwa kila mwisho wa mwezi na kujazwa upya.